Kutomea: Kazi Iliyojificha Nyuma ya Ukuta Mweupe

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, na wanaoutumia msemo huo leo aghalabu huwa wanazungumzia tabia za watu. Lakini msemo wenyewe umezaliwa katika mitaa ya mawe, na huko una maana yake ya asili. Mgeni anayepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au vya Lamu na Mombasa, huona milango ya nakshi na kuta nyeupe. Milango imeandikiwa vitabu na kupigwa picha zisizo idadi. Ukuta hupata sifa moja tu, kwamba ni mweupe. Ni wachache wanaouliza weupe ule umeshikwa na nini, na kwa nini katika nyumba moja umedumu karne mbili na katika nyumba ya jirani unabanduka kila baada ya masika mawili.

Kiswahili kina neno lake kwa kazi inayojibu suali hilo. Neno hilo ni kutomea. Mwashi akishamaliza kuusimamisha ukuta wa mawe au wa udongo, na kabla hajaupiga lipu ya mwisho, huupitia tena kwa mwiko na kapu la vijiwe vidogo. Kila penye shimo, ufa au bonde, hutia udongo au chokaa, kisha hukishindilia kijiwe mpaka kikazama na kushika. Msamiati wa Kiswahili cha Unguja uliokusanywa na Askofu Edward Steere katika karne ya 19 unalo neno hili na maana yake hiyo hiyo: kuziba viungo vya ukuta na kupachika vijiwe ili kazi iwe madhubuti. Leo vijana wengi wa mijini hawalijui. Neno likisahauliwa, mara nyingi ni kwa sababu mkono uliolitumia umeacha kazi.

Kutomea, na kazi nyengine za namna yake, ndiyo sehemu ya historia ya ujenzi wa pwani isiyopigwa picha. Ni historia ya kuuandaa ukuta ili uweze kupokea pambo lake. Na mtu akiifuatilia tangu nyumba za miti hadi siku hizi za mbao za jasi, ataona kwamba kila zama imekuwa ikishindana na adui mmoja, naye ni maji.

Mwanzo wa habari hii si jiwe. Uchimbaji uliofanywa Shanga, katika kisiwa cha Pate, chini ya uongozi wa Mark Horton katika miaka ya 1980, ulifichua misikiti iliyojengwa mahali pamoja, mmoja juu ya mabaki ya mwengine. Ile ya mwanzo, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Msikiti wa mawe ulikuja baadaye, karibu na mwaka 1000. Ibn Battuta naye, alipopita Mombasa mwaka 1331, aliisifu misikiti ya mji huo kwa ustadi wa ujenzi wake, na akaeleza kuwa ilikuwa ya mbao. Kwa hivyo fundi wa pwani alikuwa bingwa wa mti na udongo kabla hajawa bingwa wa chokaa, na alipohamia kwenye jiwe alikwenda na elimu yake ya zamani.

Elimu hiyo ingali ikionekana katika nyumba za udongo za mashamba ya Unguja, Pemba na mrima. Kwanza husimamishwa nguzo. Kisha hupitishwa fito, ndani na nje, na kufungwa kwa kamba kwenye nguzo, safu juu ya safu, kwa nafasi inayopishana kiasi cha kiganja. Baina ya fito za ndani na za nje hutiwa udongo na mawe. Baada ya hapo nyumba hukandikwa, nayo kazi hiyo mara nyingi huwa ya watu wengi kwa pamoja, wake kwa waume, wakiupiga udongo kwa mikono mpaka ukapenya na kuzikumbatia fito. Udongo unapokauka hupasuka, na hapo ndipo inapokuja zamu ya kutomea. Mwenye uwezo hupiga lipu juu yake na kupaka chokaa, na anayepita njiani huweza kudhani kuwa ile ni nyumba ya mawe.

Fito ndizo siri ya ukuta huo. Udongo peke yake hauwezi kushika juu ya nguzo laini iliyonyooka. Utateleza na kuanguka. Fito huupa mahali pa kupita na mahali pa kujipinda, ukawa umejifunga wenyewe kwa nyuma. Mafundi wa Ulaya waligundua jambo hilo hilo kwa njia yao. Katika nyumba za Uingereza, na baadaye za Marekani, kwa karne nyingi kuta za ndani zilipigiliwa papi nyembamba, moja chini ya nyengine, zikiachana kwa upenyo mdogo. Fundi alipoikandamiza lipu, sehemu yake ilipenya katika nafasi zile, ikajikunja nyuma ya papi na kukauka mithili ya ndoana. Watu wa bahari mbili tofauti, ambao hawakupata kuonana, walifikia hukumu moja: pambo halishiki palipo laini na pasipo na nafasi.

Jiwe lilipoingia lilileta mashaka yake. Mawe ya pwani ni ya aina mbili. Yako matumbawe yanayokatwa baharini yakiwa mabichi, laini kiasi cha kuchongeka kwa tezo, na yakikaa juani na hewani yakawa magumu. Hayo yalitumika kwa kazi za heshima: mihirabu, fremu za milango, na maandishi. Maandishi ya Kikufi katika mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yamechongwa katika jiwe la namna hiyo. Ama aina ya pili ni mawe ya nchi kavu, masalio ya matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya bahari. Hayo ni makali, yana matundu, na hayakubali kupasuka kwa mstari ulionyooka. Ndiyo yaliyojenga sehemu kubwa ya kila ukuta.

Ukuta wa mawe hayo, wenye unene wa kiasi cha nusu mita na zaidi, hauwezi kutoka fundini ukiwa sawa. Huwa umejaa mabonde na vichuguu. Fundi mvivu angeyajaza mabonde yote kwa lipu tupu, na hapo angekuwa amejitengenezea msiba, kwani chokaa nene hunywea inapokauka na kupasuka. Kutomea kuliondoa msiba huo. Kijiwe hakinywei. Kadiri bonde linavyojazwa vijiwe, ndivyo chokaa inavyobaki nyembamba na ya unene mmoja, na ndivyo nyufa zinavyopungua. Kadhalika, uso wa ukuta uliotomewa huwa na mikwaruzo na pembe ndogo ndogo, na lipu inayokuja juu yake hupata mahali pa kushika.

Chokaa yenyewe ilitoka katika jiwe lile lile. Magogo yalipangwa kwa mduara, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu yake, na tanuri likawashwa. Katika joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, jiwe huachia hewa iliyomo ndani yake na kubaki chokaa kali isiyozimwa. Ikimwagiwa maji huchemka na kusambaratika kuwa unga. Fundi mwenye subira aliiacha chokaa iliyozimwa ikae kwa wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kuitumia, maana vipande ambavyo havijazimika vikienda ukutani huja kufura baadaye na kuitoboa lipu. Iliyokwisha kupakwa huivuta tena pole pole ile hewa iliyopotea tanurini na kurudi kuwa jiwe. Kwa hivyo ukuta wa pwani ulikuwa jiwe lililofungwa kwa jiwe na kuvikwa jiwe, na tabaka zake zote zilikuwa za ukoo mmoja.

Tabaka hizo zilifuata utaratibu. Ya kwanza, inayogusa mawe, ilikuwa na mchanga mwingi na mkubwa. Iliyofuata ilikuwa laini zaidi. Ya mwisho ilikuwa niru, chokaa safi iliyochekechwa, inayopakwa nyembamba na kusuguliwa mpaka ikang'aa. Kila tabaka ilikuwa laini na dhaifu zaidi kuliko ile iliyo chini yake, wala fundi hakuubadilisha utaratibu huo. Ukuta ukitikisika kidogo, uso wa nje ulifuata. Na ukichakaa, kilichochakaa kilikuwa kile chepesi kutengenezwa upya.

Ufundi huu ulifikia kilele chake katika nyumba za waungwana wa Lamu na Pate za karne ya 18. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida haziwezi kubeba dari pana kuliko mita tatu hivi. Katika ukuta wa chumba cha ndani fundi alipanga zidaka, safu juu ya safu, akazizungushia nakshi zilizochongwa katika lipu kabla haijakauka kabisa. Usam Ghaidan na James de Vere Allen, waliozichunguza nyumba hizo katika miaka ya 1970, waliwafanya wasomaji wa nje waione kazi hiyo kuwa ni sanaa kamili. Zidaka zilibeba vyombo vya kauri vilivyotoka mbali, na kivuli chake kilikifanya chumba chembamba kionekane kirefu kuliko kilivyo. Lakini kidaka kimoja hakiwezi kunyooka ikiwa ukuta uliopo nyuma yake haukuandaliwa. Kila pembe nyofu ya zidaka ni ushahidi wa siku nyingi za kutomea ambazo hakuna mgeni aliyeziona.

Wapenzi wa ushairi wanakijua kisa cha zidaka hizo kwa njia nyengine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipoutazama mji wa Pate uliokwisha ukiwa, hakuomboleza wafalme peke yao. Aliingia ndani ya nyumba, akatazama zidaka zilizokuwa zikipangwa sahani, akaona zimekuwa malazi ya makinda ya ndege. Somo lake ni la akhera, na wasomaji wamelipokea hivyo. Hata hivyo lipo jambo la ujenzi ndani ya picha hiyo ambalo huwapita wengi: zidaka zilikuwapo bado. Wenye nyumba walikwisha kuondoka, na ukuta uliotomewa ulikuwa umesimama wa kutosha kuwalaza ndege.

Wala haifai kuusifu ukuta huo bila ya kuwataja waliouinua. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara au sharifu, na mwashi alikuwa fundi mwenye jina mtaani. Ila waliobeba mawe kutoka ufukweni, waliokata magogo ya tanuri na waliokesha na moshi wa chokaa, wengi wao katika karne ya 18 na ya 19 walikuwa watumwa. Sakafu za nyumba za Unguja, zilizomwagwa juu ya boriti, zilipigwa kwa vipande vya mbao kwa siku kadhaa mpaka zikashikamana, na aghalabu waliozipiga walikuwa wanawake, wakienda pamoja na mdundo wa nyimbo. Majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wowote. Kazi iliyofichwa nyuma ya lipu ilifanywa na watu waliofichwa nyuma ya historia, na anayeusahau mmoja katika mifichiko hiyo huusahau na mwengine.

Sasa inafaa kuutazama ukuta huo unavyoishi na maji. Ukuta wa pwani hauna kizuizi cha unyevu katika msingi wake. Maji ya ardhini, yenye chumvi kwa ukaribu wa bahari, hupanda ndani ya mawe kama mafuta yanavyopanda katika utambi. Mvua za masika huulowesha kwa nje. Wajenzi wa kale hawakujaribu kuyazuia maji yote, kwa kuwa walijua hawataweza. Waliyaachia njia ya kutokea. Chokaa ina vinyweleo, na maji yanayoingia hutoka tena kwa mvuke kupitia uso wake. Yanapotoka huacha chumvi, na chumvi hiyo huila lipu kidogo kidogo. Lipu iliwekwa pale makusudi iliwe badala ya jiwe. Ndiyo maana kupaka chokaa kila mwaka, mara nyingi kabla ya mwezi wa Ramadhani au sikukuu, kulikuwa ni tiba ya ukuta pamoja na kuwa pambo la mtaa.

Saruji ilikuja na ahadi tofauti. Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipata hati ya ugunduzi wa saruji ya Portland mwaka 1824, na haikuchukua muda mrefu kuvuka bahari. Askofu Steere yule yule, ambaye msamiati wake ulilihifadhi neno kutomea, ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, katika miaka ya 1870. Paa lake lenye umbo la pipa lililofumbwa lilijengwa kwa mchanganyiko wa saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa. Mkono mmoja ulihifadhi neno la kazi ya zamani, na mkono wa pili ukaileta malighafi ambayo baadaye ingeifanya kazi hiyo ionekane haina haja.

Kwa muda mrefu saruji ilibaki ghali, ikitoka nje kwa meli. Mambo yalibadilika pale viwanda vilipofunguliwa pwani yenyewe. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954, na kile cha Wazo, Dar es Salaam, kikafuata mwaka 1966. Malighafi kuu ya Bamburi ni matumbawe ya kale, jiwe la ukoo wa lile lililokuwa likichomwa katika matanuri ya magogo. Tofauti ni kwamba saruji huchanganywa na udongo na kuchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,450, na kinachotoka humo hushika kwa saa chache, kikawa kigumu na kisichopitisha maji kwa urahisi. Kwa nyumba mpya ya matofali ya saruji hiyo ni neema. Kwa ukuta wa mawe na chokaa mambo ni mengine.

Huko Unguja mabadiliko haya yalikutana na mabadiliko ya umiliki. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na familia kadhaa zikawekwa katika nyumba iliyojengwa kwa familia moja. Wapangaji hawakuwa na uwezo wa kuzitengeneza, wala nyumba hazikuwa zao. Matanuri ya chokaa yalipungua, waashi wa zamani walizeeka, na mfuko wa saruji ulipatikana dukani. Palipobanduka, palizibwa kwa saruji. Kwa mwaka mmoja au miwili ukuta ulionekana mpya kabisa.

Yaliyofuata yameonekana na kila mkaazi wa mji huo. Maji yaliyokuwa yakitoka kwa uso wa ukuta yalikuta mlango umefungwa. Yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, au yakatokea ndani ya chumba. Chumvi ikajikusanya nyuma ya saruji na kuimega chokaa iliyoshikilia mawe. Saruji, kwa ugumu wake, haikufuata mtikisiko wa ukuta laini. Ikapasuka, nyufa zikanywa mvua, na siku moja kipande kizima kikaanguka kikiwa kimechukua na uso wa jiwe. Utaratibu wa wazee ulikuwa umepinduliwa: tabaka ngumu imewekwa nje na laini imeachwa ndani. Mamlaka ya hifadhi ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Katika hifadhi ya majengo ya namna hii, kurudi kwenye chokaa ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kusisitizwa, nalo ni gumu kutekelezwa pale mwenye nyumba anapokuwa na haraka na mfuko mwepesi.

Katika miongo ya karibuni imeingia njia ya tatu. Ukuta ukiwa umechakaa, fundi seremala huitwa badala ya mwashi. Hupigilia papi juu ya ukuta, kisha juu ya papi hufunga mbao za jasi, ambazo mafundi huziita jipsamu, au mbao za kawaida zilizorandwa. Kwa siku mbili tatu chumba kinapata kuta zilizonyooka kama kioo. Kazi hii nayo ina historia yake. Katika nyumba za mawe za Scotland na nchi nyengine za baridi na mvua, mafundi walikuwa wakifunga papi za wima ukutani na kuzipigilia papi nyembamba za lipu juu yake, ili lipu isiguse jiwe lenye maji. Huko Marekani, Augustine Sackett alipata hati ya ugunduzi mwaka 1894 kwa ubao wa tabaka za karatasi na jasi, na kizazi cha ubao huo ndicho kilichochukua nafasi ya lipu katika nyumba nyingi za dunia. Waingereza huziita papi hizo kwa neno lililotokana na ngozi ya manyoya iliyokuwa ikitiwa ndani ya nguo. Kwa Kiswahili ingefaa kusemwa kuwa ni bitana ya ukuta.

Bitana hiyo ikifanywa kwa elimu, haiko mbali na kutomea. Fundi makini hupima ukuta kwanza kwa timazi na ubao mrefu ulionyooka, akajua ni wapi umetokeza na ni wapi umebonyea. Huchagua papi kavu, zenye upana wa kiasi cha inchi mbili na unene wa inchi moja, zilizotiwa dawa ya mchwa. Huzipanga kwa nafasi ya sentimita 40 au 60 kutoka kati hadi kati, ili kingo za ubao wa jasi wenye upana wa sentimita 120 ziangukie juu ya papi na zisielee hewani. Penye bonde huingiza kabari nyuma ya papi mpaka zote zikasimama katika uso mmoja. Kabari ile ndiyo kijiwe cha mwashi wa zamani kilichobadilisha sura. Na nyuma ya ubao hubaki nafasi ya hewa. Ikiwa fundi ameiachia matundu chini na juu, hewa itapita na unyevu utapata njia, sawa na ulivyoipata katika chokaa.

Zaidi ya hayo, bitana ina heshima moja ambayo saruji haina: huweza kuondolewa. Papi chache zilizofungwa kwa skrubu katika viungo vya chokaa, pasipo kutobolewa jiwe la nakshi, zikiondolewa baada ya miaka 20 zitaacha matundu madogo yanayozibika. Saruji ikibanduliwa huondoka na ngozi ya ukuta.

Ila bitana pia inaweza kuwa pazia la aibu. Mara nyingi papi hupigiliwa juu ya ukuta unaotiririka, matundu ya hewa hayaachwi, na mbao za jasi hufungwa kutoka sakafuni hadi darini. Jasi hunywa maji na kulainika, papi huoza, mchwa hupata njia iliyofunikwa, na zidaka za karne mbili huzikwa zikiwa hai. Ubaya mkubwa ni kwamba mwenye nyumba haoni tena ukuta wake. Doa la unyevu ambalo lingemwonya limefichwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na ukuta una maradhi yake.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 katika ufukwe wa Forodhani, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Dalili zilikuwa zimetangulia: mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilianguka, na mwaka 2015 sehemu ya paa. Jengo kubwa kama hilo, lenye nguzo za chuma, boriti na kuta za matumbawe, halianguki kwa sababu ya lipu peke yake, wala si haki kulibebesha kisa kimoja. Lakini kwa watu wa Unguja lilikuwa somo lililoandikwa kwa vumbi. Kwa miaka mingi picha za jumba hilo zilikuwa zikiuzwa kwa watalii, na sura yake ilikuwa nzuri kila picha. Uchovu ulikuwa ndani.

Ndiyo maana suala la kuuandaa ukuta si la mafundi peke yao. Mji wa mawe hauwezi kuhifadhiwa kwa kuhifadhi sura yake. Kinachouhifadhi ni maarifa ya mambo yasiyoonekana: ni chokaa gani iliyokaa vya kutosha, kijiwe gani kinafaa shimo lipi, maji yametoka wapi na yataelekea wapi. Maarifa hayo hayakuwahi kuandikwa vya kutosha, kwa kuwa yalipita kutoka mkono hadi mkono, na mkono mmoja ukikosekana mnyororo hukatika. Mwanafunzi anayefundishwa kupiga lipu bila ya kufundishwa kutomea amefundishwa beti ya mwisho ya shairi asilolijua.

Fundi wa leo si lazima aikatae saruji wala jasi. Kila moja ina mahali pake, na watu wana haki ya kukaa katika vyumba vikavu na visafi. Linalotakiwa ni lile suali la zamani liulizwe kwanza, kabla ya mwiko na kabla ya msumari: ukuta huu umejengwa kwa nini, na maji yake yatatokea wapi? Jibu likishapatikana, fito, vijiwe, niru na papi vyote huwa vyombo vya kazi moja. Lisipopatikana, hata weupe ulio mzuri kuliko wote huwa ni mlango tu, na wahenga walikwisha kusema nyumba njema haipo hapo.